Nyekundu Kushoto, Kijani Kulia

Mama Waya hakuzaliwa fundi wa taa za boti. Alizaliwa mbishi, ufundi ukaja baadaye. Akiwa na miaka tisa alifungua redio ya baba yake kwa kisu cha mezani, akachapwa, na jioni yake redio iliyokuwa ikikoroma mwezi mzima ikaanza kusema kama mtu mwenye afya zake. Baba mtu akaketi akaisikiliza mpaka usiku. Tangu siku hiyo, ukimwambia Mama Waya kwamba jambo fulani haliwezekani, umemchokoza, na usije ukasema hukuonywa.

Kibanda chake kiko hatua chache kutoka gatini, mlango mmoja, dirisha moja, meza iliyojaa alama za solda, ile risasi ya kuungia nyaya, kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Ukutani kumening'inia nyaya za kuchajia simu, kila moja na kikaratasi chake. Chini ya meza kuna redio zilizotolewa matumbo zikisubiri zamu. Na nyuma ya mlango kuna kigodoro cha mjukuu wake, kwa sababu bibi akiwa kazini na mjukuu yuko kazini.

Hapo ndipo penye habari yenyewe. Ng'ambo ya ziwa kuna kiwanda cha sabuni, na katika kiwanda hicho, kwenye meza ya kufunga maboksi, yuko binti yake wa pekee. Zamu inaisha saa moja na nusu usiku. Boti ya mwisho ya abiria inaondoka saa kumi na mbili jioni. Sasa piga hesabu mwenyewe. Binti analala bweni la kiwanda, vitanda vinane chumba kimoja, anakuja Jumapili asubuhi na kuondoka Jumapili hiyo hiyo jioni. Mtoto wake wa miaka miwili na nusu anamwita bibi "mama," na mama mwenyewe akija, mtoto anajificha nyuma ya sketi ya bibi na kuchungulia. Binti hucheka. Kisha huingia chooni akakaa sana, akitoka macho mekundu. Mambo hayo yamemkata Mama Waya maini kila Jumapili kwa miaka miwili.

Basi siku lilipobandikwa tangazo kwenye ukuta wa ofisi ya gati, alilisoma mara tatu, midomo ikimcheza. Boti ya abiria itakayofungwa taa za sheria na kupita jaribio la usiku mbele ya mkaguzi itapewa kibali cha kuvusha watu hadi saa nne usiku. Aliacha kibanda wazi, pasi ya solda imechomekwa kwenye umeme, akambeba mjukuu kiunoni na kutimua mbio, mwanamke wa miaka hamsini na mbili na mwili wake, watu wakimpisha njia wakidhani kuna moto.

Alikuwa anakwenda kwa kaka yake. Kaka huyo ana boti ya abiria ishirini, na pale gatini kila mtu humwita Nahodha, hata mke wake. Alimkuta amekaa juu ya dumu anamenya chungwa.

"Kaka! Kibali cha usiku! Mwanangu atalala nyumbani!"

"Nimesikia," Nahodha akasema bila kuinua macho. "Mimi niko tayari tangu mwaka juzi. Taa ninayo."

Jamani, taa aliyokuwa nayo! Ilikuwa taa ya mbele ya lori, kubwa kama sufuria, ameifunga kwenye pua ya boti kwa waya wa kufungia mabati. Akiiwasha, popo wanabadilisha njia.

"Kaka, hiyo si taa ya kusafiria. Hiyo ni ya kupofushia watu."

"Nikiiwasha, nani hanioni?"

"Wanaona mwanga, boti hawaioni. Hawajui unakuja au unakwenda, uko karibu au uko mbali. Na wewe mwenyewe, nje ya huo mwanga huoni kitu."

"Nina miaka ishirini na sita majini, mdogo wangu. Wewe una mingapi?"

"Sina hata mmoja," akajibu Mama Waya. "Ila jioni njoo tunywe chai."

Nahodha hakatai chai. Alikuja, akakaa kwenye meza ya jikoni, kikombe kikajazwa, na hapo Mama Waya akazima taa. Wakakaa gizani wakipiga soga kama robo saa, Nahodha akijiuliza kama dada yake ameanza kuchanganyikiwa.

"Unaona nini sasa?" akaulizwa.

"Naona vizuri tu. Meza ile, kikombe kile, sufuria. Hata paka namwona anavyonitazama kwa dharau."

"Safi." Mama Waya akamwashia tochi usoni, pwaa, akaizima. "Haya, kunywa chai."

Nahodha akanyoosha mkono kwa madaha ya mtu aliyezoea giza, akakigonga kikombe, chai yote ikamwagikia mapajani. Lo! Aliruka akagonga kichwa kwenye rafu, vifuniko vya sufuria vikamshukia kimoja baada ya kingine. Mjukuu alicheka mpaka akapaliwa.

"Sasa huyo unayekutana naye majini ukamwashia lile sufuria lako," Mama Waya akasema akiwasha taa, "umemfanya hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba yeye ameshika usukani."

Nahodha alijifuta suruali. Halafu akasema, "Ungenieleza kwa maneno tu."

"Kwa maneno nimekueleza miaka miwili."

Kuanzia hapo kazi ikaanza, na habari ikaenea. Wavuvi wanne wenye boti zao wakaja kibandani wakitaka taa za sheria nao, wapate kibali cha kuvua usiku. Mama Waya akawapanga mbele ya meza kama wanafunzi. Taa zenyewe ni tatu tu, akawaambia. Ukikaa kwenye boti ukitazama mbele, nyekundu iko kushoto na kijani iko kulia, na kila moja inamulika mbele na upande wake tu. Nyeupe inakaa nyuma, juu ya mti mrefu kupita kichwa cha mtu, ionekane pande zote bila kukuchoma macho. Boti ikikujia kutoka kushoto kwako, mwenye nayo anaona ubavu wako wa kushoto, yaani nyekundu, naye anajua lazima akupishe. Wewe unaona kijani yake, unajua njia ni yako, ila usilale.

"Basi hakuna kupigiana kelele wala kutukanana," akamalizia.

"Kutukanana kutakuwepo," akasema mvuvi mmoja aitwaye Kidevu. "Hiyo haihitaji taa."

Sasa nikueleze kosa lilipoingilia, maana ni kosa ambalo huwezi kulifanya kama si mtu wa gati lile. Kila mwaka boti za pale hutolewa majini, hupinduliwa kifudifudi juu ya magogo, na kupakwa lami na rangi tumboni. Mwaka huo kila mmoja alitaka vyote kwa mpigo, rangi na taa, tarehe ya mkaguzi isije ikawakuta. Kwa hiyo mafundi rangi walikuwa juu na Mama Waya chini. Alitambaa chini ya boti zilizopinduliwa, akalala chali juu ya gunia, tochi mdomoni, lami ikimdondokea kwenye kilemba, akipitisha waya ndani ya ukingo. Boti tano: nne za wavuvi, na ya tano ya kaka yake. Taa zilikuwa za kisasa, vioo vyeupe vyote vinafanana, rangi huioni mpaka iwake. Kwa kila boti Mama Waya alisimama nyuma akatazama mbele. Akanyoosha mkono wa kushoto: nyekundu hapa. Akanyoosha wa kulia: kijani hapa. Akakaza skrubu, akajipongeza, akaenda inayofuata.

Mkaguzi alikuja mchana wa jua kali, boti zikiwa bado zimelala hivyo hivyo. Mtu mwembamba, mpole, kalamu tatu mfukoni. Boti za wavuvi hazikuhitaji jaribio la usiku, kuonekana taa zinawaka kulitosha. Mama Waya akawasha, nyeupe ikiwa kwenye mti wake uliolazwa kando, mkaguzi akainama akakinga macho kwa faili. "Moja nyekundu, moja kijani, moja nyeupe." Tiki. Tiki nne, vibali vinne, kuanza kutumika kesho yake saa tatu usiku. Boti ya abiria peke yake ndiyo ingejaribiwa majini, na mkaguzi akapanga iwe jioni hiyo hiyo ya kesho.

Siku ya jaribio Mama Waya hakula. Saa kumi binti yake alipiga simu, sauti inaruka ruka.

"Mama, nimeshamwambia msimamizi wa bweni natoka! Sanduku nimefunga. Kitanda changu kesho anaingia mwingine."

"Wewe nawe! Tusubiri kwanza tupite."

"Taa umefunga wewe, mama. Tutashindwaje?"

Waliondoka gatini jua likiwa linazama, maji yote rangi ya shaba, na kwa mwanga ule taa ndogo za ubavuni hata hazikuonekana vizuri. Nahodha alishika usukani, amevaa shati la harusi ya mwanawe. Mkaguzi alikaa katikati na faili lake ndani ya mfuko wa nailoni. Mama Waya alikaa mbele, upande wa kushoto, kazi yake kutazama. Wote walivaa majaketi ya kujiokolea, ya rangi ya chungwa, na Mama Waya lilimbana mpaka akawa anapumua kwa mafungu. Ile taa ya lori ilikuwa bado ipo puani. Nahodha alikubali kutoiwasha, lakini kuing'oa alikataa katakata.

Giza likashuka. Na kweli, lilikuwa jambo la kupendeza! Macho yalizoea, na ziwa likafunguka polepole: ufuko ukaonekana kama mstari mweusi, mwamba wa katikati ukaonekana, hata ndege waliolala juu yake. Nahodha akasahau ukubwa wake.

"Naona, mdogo wangu! Naona kila kitu!" akapaza sauti kutoka nyuma. "Miaka ishirini na sita nilikuwa nafukuza giza badala ya kulitumia!"

Mkaguzi akaandika kitu. Mama Waya alijisikia kupaa. Alishaanza kuona mwanawe akishuka gatini na sanduku lake.

Ndipo ilipotokea boti ya mizigo kutoka upande wa kushoto. Ilikuwa mbali bado, taa zake zimekaa sawasawa, kijani ikielekea kwao. Nahodha akaiona. Kijani: njia ni yangu. Akaendelea. Yule naye akaendelea. Dakika moja ikapita, kijani ikakua. Sauti ya injini ya dizeli ikaanza kusikika, duduuduuduu, nzito.

"Huyu mbona hatupishi?" Nahodha akauliza.

"Atapisha," Mama Waya akasema. "Anaona nyekundu yetu."

Akaendelea kutazama. Yule hakupunguza hata kidogo. Wimbi dogo likapiga ubavu, maji yakamrukia Mama Waya usoni, akatoa mkono nje ya ukingo kushika mahali ili asiteleze. Na mkono wake, huko nje, mbele ya taa, ulikuwa wa kijani.

Aliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Kijani. Mkono wa kushoto, ubavu wa kushoto, kijani! Kwa sekunde moja akili ikamrudisha uwanjani, boti ikiwa kifudifudi juu ya magogo, yeye kasimama nyuma kanyoosha mikono kama mwalimu. Boti iliyopinduliwa, ukiigeuza ikae sawa, kushoto kwake kunahamia kulia. Mtoto wa shule angejua! Alifunga nyekundu kulia na kijani kushoto. Yule wa mizigo alikuwa anaona kijani, anajua njia ni yake, na anakuja nayo yote, na magunia yake yote.

"Zima injini!" akapiga ukelele. "Kaka, zima! Yeye hajui kama anapaswa kutupisha!"

Nahodha akashusha injini, lakini mkono mwingine ukawa umeshaenda kwenye swichi ya taa ya lori. "Nimmulike usoni atuone!"

"Usimmulike! Ukimpofusha atatupanda! Jimulike wewe!"

Mama Waya akachomoa tochi kiunoni, akaigeuzia ndani. Akamulika ubavu mweupe wa boti yao, akamulika jaketi lake, akammulika mkaguzi aliyekuwa ameshika faili kifuani kama mtoto, akarudi ubavuni, huku na huku, ili yule aone boti nzima, urefu wake, na watu waliomo. Mungu wangu, aone, aone, aone. Injini ya dizeli ikanguruma, ikabadilika sauti, na pua nyeusi ndefu kama nyumba ikaanza kugeuka. Ikapita nyuma yao karibu kiasi cha kusikia harufu ya mkaa. Wimbi likawamwagia ndoo kumi za maji.

"Ulikuwa unakwenda wapi wewe, mbele au nyuma?" dereva wa boti ya mizigo akafoka gizani.

"Jifunze kupisha!" Nahodha akamjibu, na matusi mengine ambayo sitayaandika.

Walikuwa wazima, wote watatu. Mama Waya alianza kucheka, kicheko cha mtu aliyeponea tundu la sindano.

Mkaguzi akafuta uso. Kalamu ilikuwa bado mkononi. "Namba yake nimeiona," akasema. "Huyu nitamwandikia. Njia ilikuwa yenu kabisa. Na nyinyi mmefanya la maana: mmesimama, mmejimulika, hamkumpofusha. Sijawahi kuona vile. Mama, kesho asubuhi kibali chenu kiko mezani."

Kibali! Mama Waya alilisikia neno hilo kwa mwili mzima. Wakati huo Nahodha alikuwa ameinama ukingoni, ameiona ile kijani, na miaka yake ishirini na sita ikamtosha kuelewa mara moja. Akaja mbele akijifanya anakagua kamba, akamshika dada yake bega.

"Nyamaza," akamnong'oneza. "Kesho alfajiri tunazibadilisha kimya kimya, mimi na wewe. Nani atajua? Mwanao analala nyumbani kesho."

Na hakuwa anasema uongo. Ilikuwa kazi ya nusu saa na bisibisi moja. Mama Waya aliona sanduku lililofungwa, aliona kitanda kilichokwisha kutolewa, alimwona mjukuu anachungulia. Midomo ilishaanza kufumba. Ila ziko boti nne nyingine! Nne, na mikono ile ile ilizifunga, na saa tatu zinatoka kwenda kuvua na taa za uongo ubavuni. Na yule masikini wa mizigo ataandikiwa kosa ambalo si lake. Mficha maradhi, kilio humfichua, na kilio hiki kingekuwa cha nyumba za watu.

"Bwana mkaguzi," akasema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Usimwandikie yule. Alifuata sheria. Mwenye kosa ni mimi."

"Mama Waya!" Nahodha akafoka.

"Niache, kaka. Taa nimezifunga boti ikiwa kifudifudi, zimekaa kinyume. Tazama mwenyewe huku kushoto. Na zile nne za wavuvi ni hivyo hivyo."

Mkaguzi akatoa kichwa nje, akatazama. Akarudi akakaa. Alifungua faili lake, akazitazama tiki zake nne kwa mwanga wa tochi.

"Hizi nilizikagua mimi," akasema taratibu.

"Ndiyo, na mimi nilikuwa nimesimama kando yako. Tulikosea wawili, lakini fundi ni mmoja. Sasa ni saa ngapi?"

Ilikuwa saa tatu kasoro robo.

Sijui kama boti ile iliwahi kurudi gatini mbio vile! Mama Waya aling'oa nyaya za taa zote mbili za ubavuni, ikabaki nyeupe ya nyuma, akisema afadhali taa moja yenye kweli kuliko mbili zenye uongo. Njia nzima alisimama mbele akimulika ubavu wao wenyewe kwa tochi, na mkaguzi, faili miguuni, alitazama upande wa pili na kutaja kwa sauti kila alichokiona, hata bata. Kabla boti haijagusa gati Mama Waya alikuwa amesharuka. Boti tatu zilikuwa bado zimefungwa. Ya nne, ya Kidevu, ilishafungua kamba, injini inaunguruma, imeacha gati hatua mbili. Mama Waya akaidaka ile kamba inayoburuta majini na kuizungushia kwenye nguzo. Boti ikasita, Kidevu akaanguka juu ya nyavu zake.

"Una wazimu, mama?"

"Zima injini, hutoki! Taa ziko kinyume!"

"Mimi nina kibali!"

"Huna tena!" akajibu mkaguzi aliyefika nyuma akihema, maji yanamtiririka suruali nzima.

Hapo ndipo Mama Waya alipokula maneno. Wavuvi wote wanne walimzunguka, na usiku mzima wa samaki umewapotea, na akaambiwa yote. Kwamba fundi wa redio arudi kwenye redio. Kwamba mwanamke anayefunga taa kwa kubahatisha atamaliza watu. Hakujibu, na kwake yeye kutojibu ni kazi ngumu kuliko kubeba injini. Aliyejibu alikuwa Nahodha, aliyekuwa amemnunia njia nzima.

"Basi jamani! Angenyamaza msingejua. Kosa moja haliachishi mke."

"Haya ni matano!" akasema Kidevu.

"Basi mhesabu na mara tano alizosema kweli," Nahodha akamjibu, na wakaanza kutawanyika wakinung'unika.

Simu ya binti ndiyo ilikuwa mlima. Mama Waya alikaa kwenye kigodoro cha mjukuu, ambaye mke wa Nahodha alikuwa amemlaza, akapiga. "Mwanangu, si kesho," akasema, na akaeleza yote bila kujipaka mafuta.

Binti akajibu kutoka upande wa pili. "Kitanda nimeshakitoa, mama."

"Najua."

"Kuna aliyeumia?"

"Hakuna."

"Basi nitalala sakafuni." Sauti ikajikaza. "Hujambo lakini wewe? Umelowa? Badilisha nguo, mama." Mama Waya akakata simu, akalia mpaka kamasi.

Asubuhi aliamka na hasira nzuri, ile ya kazi. Boti zote tano zikaingizwa majini kwanza, zikae kama zinavyokaa. Mama Waya aliingia katika kila moja, akamkalisha mwenye boti kwenye usukani, akamwambia, "Inua mkono wako wa kushoto." Akamfunga kitambaa chekundu kwenye kifundo cha mkono huo. Kisha akafunga taa kwa kufuata kile kitambaa, si kwa kufuata kichwa chake. Kidevu alilalamika kwamba amefungwa kama ng'ombe wa mnada, ila mkono aliuinua. Giza lilipoingia mkaguzi alipelekwa majini kwa boti nyingine, azunguke kila moja kwa mbali, mbele, kushoto, kulia, nyuma, na alizunguka mara mbili bila kuombwa. Wavuvi wakapata vibali vyao upya. Kesho yake Nahodha akang'oa ile taa ya lori puani, bila kumwambia mtu, akaipeleka nyuma ya nyumba akaifanya chombo cha kunyweshea kuku. Jaribio lake likapangwa siku ya nane.

Siku ya nane Mama Waya hakupanda boti. Mkaguzi alisema fundi asijikague mwenyewe, akaketi mbele yeye na faili lake, wakaenda ng'ambo na Nahodha, na makubaliano yakawa hivi: wakipita wanapokwenda, watarudi na abiria wa zamu. Kwa hiyo alibaki gatini, mjukuu mgongoni, anatembea kutoka nguzo hadi nguzo. Kidevu alikuwa kando anapanga nyavu, akamwambia akae, anamtia kizunguzungu. Hakukaa. Saa mbili ikapita. Saa mbili na robo. Hakuna simu, maana Nahodha akishika usukani simu anaiweka kwenye kopo.

Kwanza aliona nyeupe peke yake, mbali sana. Kisha chini yake nyekundu, tulivu, maana yake boti inapita ikimwonyesha ubavu wa kushoto, inauzunguka mwamba. Akasubiri, ngumi imefumba. Boti ikageuka. Kando ya nyekundu ikatokea kijani, na zote mbili zikabaki hapo, pamoja, hazipotei.

"Unaziona mbili?" akamuuliza mjukuu. "Ukiziona zote mbili kwa mpigo, ujue boti imekuelekea wewe. Inakuja hapa hapa tuliposimama."

"Inakuja hapa?" mtoto akauliza.

"Hapa hapa!"

Na ikaja. Ilijaa, watu ishirini wenye harufu ya sabuni, wanaimba, wanapiga makofi, Nahodha amesimama kama waziri, mkaguzi akipunga karatasi yenye muhuri kabla boti haijafungwa. Binti alikuwa wa tatu kushuka, sanduku kichwani. Aliweka sanduku chini, akamfungua mtoto kutoka mgongo wa bibi, akamweka kifuani, na mtoto akamnusa shingo, akamkodolea macho, akaacha kichwa kimlalie begani kwa sababu usingizi ulikuwa umemzidi.

"Mama," binti akasema taratibu asimwamshe, "boti ya asubuhi ni saa kumi na mbili. Uniamshe saa kumi na moja."

"Nitakuamsha," akasema Mama Waya, na machozi yakamtoka hapo hapo mbele ya Kidevu na watu wote, wala hakuyafuta.